Forlán, Suárez au Abreu: straika kijana aige safari ya nani?

Usiku wa Julai 2, 2010 nilikuwa kibanda umiza mjini Morogoro, nimekalia nusu ya benchi. Ghana na Uruguay, robo fainali ya Kombe la Dunia, Soccer City, Johannesburg. Mle ndani sote tulikuwa Waghana. Kabla ya mapumziko Sulley Muntari akafumua shuti la mbali, banda zima likainuka. Kipindi cha pili Diego Forlán akasawazisha kwa mpira wa adhabu. Dakika za mwisho kabisa za nyongeza Luis Suárez akaudaka kwa mikono mpira uliokuwa unakwenda wavuni, akala kadi nyekundu, na Asamoah Gyan akagonga mwamba. Zikaja penalti tano tano. Ya kumaliza kazi akapewa jamaa mrefu mwenye nywele ndefu, jezi namba 13, Sebastián Abreu. Alikuja mbio kama anataka kuchana nyavu, halafu akaunyanyua mpira taratibu, katikati ya goli, wakati kipa Richard Kingson keshalala upande. Banda lilinyamaza mpaka tukaanza kusikia jenereta la nje.

Watatu hao ndio waliotutoa machozi usiku ule, na wote watatu ni mastraika waliotembea dunia, wametoka nchi yenye watu wachache kuliko Dar es Salaam. Nimewarudia wiki hii kwa sababu kijana wangu mmoja wa mchangani, mwenye miaka 19, ameletewa karatasi mbili. Moja ni ya miezi sita kwenye timu ya mkoa wa jirani. Nyingine ni ahadi ya kwenda kufanyiwa majaribio nchi ya mbali. Ananiuliza: "Mwalimu, nihame au nitulie?" Nikamwambia safari za mpira haziko za aina moja, akae nimsimulie tatu.

Vipimo kwanza

Kuhesabu klabu kunadanganya. Suárez mpaka kufika Inter Miami amevaa jezi za klabu 8, Forlán 10, Abreu zaidi ya 30 katika nchi 11. Ukiishia hapo utasema mmoja alikuwa na msimamo na mwingine hakutulia, na utakuwa umekosea kwa wote.

Mimi napima hivi. Kila alipofunga begi, kalamu ilikuwa mkononi mwa nani: mwake au mwa klabu? Alipofika ugenini mabao yalimfuata au yalibaki alikotoka? Alivuna nini, kwenye klabu na kwenye jezi ya taifa? Safari ilimgharimu nini? Na alitundika daluga katika hali gani?

Kwa nini alifunga begi

Ya Suárez ni ngazi. Alizaliwa Salto mwaka 1987, familia ikahamia Montevideo akiwa na miaka 7. Alipoanza kung'ara kwenye klabu ya Nacional, mpenzi wake Sofía alikuwa ameshahamia Barcelona na wazazi wake, na mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba Ulaya aliitamani kwa sababu hiyo kabla hata ya pesa. Mwaka 2006 watu wa Groningen ya Uholanzi walikwenda Uruguay kumwangalia mchezaji mwingine wakarudi na yeye. Groningen msimu mmoja, Ajax 2007, Liverpool Januari 2011, Barcelona 2014. Kila klabu ilikuwa kubwa kuliko ile aliyoiacha, na kila mnunuzi alikuja na hela mkononi akifuata mabao. Mlango alifungiwa mara moja tu, mwaka 2020, kocha Ronald Koeman alipomwambia hayumo kwenye mipango. Akavuka kwenda Atlético Madrid. Tutaona alichowafanyia.

Ya Forlán ilianzia juu, ikashuka, ndipo ikapanda. Huyu alizaliwa ndani ya mpira: baba yake, Pablo, alicheza Kombe la Dunia la 1966 na la 1974, na babu mzaa mama, Juan Carlos Corazzo, aliwahi kuifundisha timu ya taifa. Utotoni tenisi ilimvuta karibu sawa na soka. Akavuka mto kwenda Independiente ya Argentina, na Januari 2002 Manchester United wakamchukua. Ana miaka 22, klabu kubwa kuliko zote England wakati ule. Kijana gani angekataa? Lakini mwaka 2004 ilibidi ashuke kwenda Villarreal, timu ya mji mdogo ambao ungeweza kuingia wote kwenye uwanja wa klabu aliyotoka na viti vikabaki. Kushuka kule ndiko kulikomtengeneza. Mwaka 2007 Atlético wakamchukua kuziba pengo la Fernando Torres, na 2011 Inter ya Italia wakamchukua kuziba la Samuel Eto'o. Pengo la kwanza aliliziba. La pili halikuzibika.

Abreu yeye aliishi kwa mikataba mifupi, na hakuanza hivyo kwa kupenda. Alizaliwa Minas mwaka 1976, akaanzia Defensor Sporting, akafunga sana San Lorenzo ya Argentina, na 1998 Deportivo La Coruña ya Hispania ikamnunua. Pale nafasi ikawa finyu, wakaanza kumtoa kwa mkopo: Grêmio ya Brazil, Tecos ya Mexico, San Lorenzo tena, Nacional. Hapo kalamu ilikuwa mikononi mwa klabu. Baadaye ikahamia kwake, ila mazoea yalikuwa yameshaingia damuni. Mexico peke yake alizunguka klabu 7. Katika mojawapo, Dorados ya Sinaloa, mwaka 2006 alikuwa chumba kimoja cha kuvalia na Pep Guardiola, ambaye alikuwa anamalizia miguu yake. Kisha Israel, Hispania tena, Ugiriki, Brazil tena.

Kijana anayetamani mtindo huu ajue jambo moja la kanuni: kwa kawaida FIFA inaruhusu usajiliwe na klabu zisizozidi tatu kwa msimu, na mechi rasmi uzicheze kwenye mbili tu. Ukikurupuka Agosti, Januari ukakurupuka tena, unaweza kujikuta una mkataba lakini huna ruhusa ya kucheza.

Mabao yalihama naye?

Suárez aliyabeba kama begi la mkononi. Ajax msimu wa 2009/10 alifunga mabao 35 ya ligi. Liverpool 2013/14 alifunga 31 katika mechi 33, na hakuna hata moja la penalti. Barcelona 2015/16 alifunga 40. Mbio za mtu huyu, kiwiko chake, ile tabia ya kumsumbua beki dakika 90 hata mpira uko kwao, havikuhitaji kocha fulani wala nyasi fulani. Atlético walimchukua akiwa na miaka 33, kila mtu anasema magoti yameisha, akawafungia 21 ya ligi, likiwemo la siku ya mwisho kule Valladolid lililowapa ubingwa wa 2021.

Forlán ndiye wa kumtazama kwa muda mrefu, maana ndiye anayefanana na wachezaji wengi. United alicheza mechi 27 ndipo akafunga bao la kwanza, tena la penalti, dhidi ya Maccabi Haifa. Mbele yake alikuwepo Ruud van Nistelrooy, kwa hiyo yeye aliingia mwishoni, dakika kumi, dakika kumi na tano, jezi imeganda kwa baridi ya benchi. Ana simulizi yake moja kuhusu viatu. Kocha wa United, Alex Ferguson, alimtaka avae daluga zenye meno marefu kwa sababu uwanja ulikuwa umelowa. Forlán alizoea meno mafupi. Akaitikia kwamba atabadili, asibadili. Mechi na Chelsea, yuko mbele ya goli, mguu wa kusimamia ukateleza. Baada ya filimbi akawahi chumba cha kuvalia avivue kabla hajaonekana, mzee akamkuta navyo, akavichukua na kuvirusha. Jumla yake United ni mabao 17 katika mechi 98.

Sasa mchukue mtu huyohuyo, miguu ileile, mpeleke Villarreal apate kiungo kama Juan Román Riquelme nyuma yake na uhakika wa kuanza kila Jumapili. Msimu wa kwanza, mabao 25, mfungaji bora wa Hispania, Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya akigawana na Thierry Henry. Atlético 2008/09 akafunga 32, akakichukua tena, mara hii peke yake. Halafu Inter, mabao mawili ya ligi. Na huko aliingia kwa mguu mbaya tangu mwanzo: alikuwa ameshaichezea Atlético kwenye mechi za mchujo za Europa League, kwa hiyo hakuruhusiwa kucheza makundi ya Ligi ya Mabingwa. Klabu ya ukubwa ule, na hilo halikuangaliwa mapema! Ndiyo maana nawaambia vijana msiwe wavivu kusoma karatasi.

Abreu mabao yake yalitegemea kama timu inapiga krosi. Ni mtu mrefu, wa kichwa, wa kusukumana ndani ya boksi. Cruz Azul mwaka 2002 aliongoza kwa mabao Mexico. Real Sociedad, daraja la pili Hispania, alikaa nusu msimu tu mwaka 2009 akaacha mabao 11. Botafogo ya Brazil mwaka 2010 alipewa penalti dhidi ya Flamengo, mechi iliyoamua ubingwa wa jimbo la Rio, akaupiga uleule wa kunyanyua, mpira ukagusa mwamba ndipo ukaingia. Miezi miwili na nusu kabla ya Ghana! Kingson angekuwa na mtu wa kumwonyesha mkanda ule, sisi Morogoro tungelala usingizi. Lakini zipo pia klabu alizopita kama abiria wa daladala, kashuka kituo kinachofuata hakuna anayemkumbuka.

Vikombe na jezi ya taifa

Hapa Suárez yuko mbali kwa wingi: Ligi ya Mabingwa ya 2015, akifunga kwenye fainali ya Berlin dhidi ya Juventus, na ubingwa wa Hispania mara tano, minne Barcelona na mmoja Atlético. Uruguay aliichezea mechi 143 akafunga 69. Kwa mabao hajatokea mwingine wa kumfikia.

Forlán vikombe vyake ni vichache, ila alikuwa mwenye navyo. Fainali ya Europa League ya 2010 kule Hamburg, Atlético 2, Fulham 1, yote mawili ni yake. Wiki chache baadaye akafunga matano Afrika Kusini, huku makipa wakilalamikia mpira wa Jabulani unaoyumba hewani, yeye akauyumbisha anavyotaka, akatunukiwa Mpira wa Dhahabu kama mchezaji bora wa mashindano, ingawa Uruguay iliishia nafasi ya nne. Mwaka 2011 kwenye fainali ya Copa América, Uruguay 3 Paraguay 0, alifunga mawili na Suárez moja. Mechi 112, mabao 36.

Abreu: mechi 70, mabao 26, Kombe la Dunia mara mbili, na alikuwemo kikosini 2011. Kwenye klabu ana ubingwa wa Argentina akiwa na San Lorenzo 2001 na River Plate 2008. Watu humkumbuka kwa penalti ile tu, wakasahau kwamba Novemba 2009 yeye ndiye aliyefunga Montevideo dhidi ya Costa Rica, mchujo wa mwisho, Uruguay ikafuzu kwa jumla ya 2-1. Mchezaji wa mikataba ya miezi sita, na taifa lilipokwama lilimwita huyohuyo.

Safari iliwagharimu nini

Sitaficha, Suárez simwelekezi mtoto bila onyo. Alimng'ata Otman Bakkal mwaka 2010, akamng'ata Branislav Ivanović 2013 akafungiwa mechi 10, akamng'ata Giorgio Chiellini kwenye Kombe la Dunia 2014 akafungiwa mechi 9 za kimataifa na miezi minne nje ya soka kabisa. Na katikati ya hayo, mwaka 2011, chama cha soka cha England kilimfungia mechi 8 kwa maneno ya kibaguzi kwa Patrice Evra. Sisi wenye ngozi yetu hilo hatulipiti juu juu. Mkono wa Johannesburg mimi nimeshamsamehe, ni kosa la mchezo na adhabu yake ilitolewa palepale. Gyan ndiye aliyekosa. La Evra ni jambo jingine. Ajabu ni kwamba mara mbili baada ya kifungo mnunuzi mkubwa zaidi alikuwa anasubiri mlangoni. Usidhani utasubiriwa wewe. Yeye alisubiriwa kwa mabao 31.

Forlán alilipa kwa miaka. Kati ya 22 na 25, umri ambao straika anatakiwa kucheza kila wiki, alikuwa anavaa koti refu la benchi. Wapo wengi waliopotelea hapohapo.

Abreu alilipa kwa kutoijenga nyumba moja. Hakuna klabu kubwa ya Ulaya iliyowahi kupangwa kwa ajili yake. Miezi sita hapa, lugha mpya, kocha mpya anayetaka kukujaribu upya kama vile hujawahi kufunga. Inahitaji moyo wa peke yake. Huko kwao hawakumwita El Loco, yaani kichaa, bure.

Daluga zilivyotundikwa

Suárez alirudi nyumbani Nacional mwaka 2022 akachukua ubingwa, akaenda Grêmio akafunga mabao 17 ya ligi ya Brazil akiwa na miaka 36 na goti linalouma, kisha Miami kwa marafiki zake wa Barcelona. Timu ya taifa aliiaga Septemba 2024.

Forlán alipita Internacional ya Porto Alegre, Cerezo Osaka ya Japani iliyoshuka daraja akiwamo, Peñarol ya baba yake ambako alichukua ubingwa, Mumbai City ya India na Kitchee ya Hong Kong, akastaafu rasmi 2019. Tenisi hakuiacha: Novemba 2024 alicheza mashindano ya kulipwa ya wawili wawili Montevideo, akachapwa mapema.

Abreu ndiye aliyekataa kabisa. Ecuador, Paraguay, El Salvador, Brazil, Chile. Alipojiunga na Audax Italiano ya Chile, klabu yake ya 26, Guinness wakaandika rekodi. Akaendelea. Boston River ya Uruguay alikuwa kocha na mchezaji kwa pamoja. Alistaafu Juni 2021 na jezi ya Sud América, miaka 44.

Nani anakufaa

Kama una miaka chini ya 18, hata mmoja bado. FIFA hairuhusu kwa kawaida uhamisho wa kimataifa wa umri huo, isipokuwa kwa masharti maalumu, na anayekuahidi njia ya mkato mkimbie.

Kama unafunga popote unapowekwa, hata ukichezeshwa pembeni, hata kwenye tope, mtazame Suárez: chagua ngazi ya kwanza iliyo ndogo. Groningen kabla ya Ajax. Bila hasira zake.

Kama unahitaji kocha akuamini na kiungo akujue, na umeshapita mahali pakubwa ukakaa benchi, chukua ramani ya Forlán. Uliza dakika za kucheza kabla hujauliza mshahara, na kushuka timu ndogo usikuone aibu.

Kama una miaka 28 na kuendelea, familia inakutegemea, na kipaji chako ni kimoja lakini cha uhakika, kichwa au penalti au kukimbia, Abreu ndiye mwalimu wako. Timu zinazopigania kutoshuka daraja kila Januari zinatafuta mtu kama wewe. Chukua miezi sita, fanya kazi, soma kipengele cha malipo ya kuvunja mkataba.

Na kama huchezi, unataka tu jioni nzuri ya kutazama mikanda ya zamani: Suárez msimu wa 2013/14, Forlán Juni na Julai 2010, Abreu penalti yoyote ile.

Kijana wangu amechagua ile karatasi ya mkoa wa jirani. Tumekubaliana kabla ya kusaini nimpigie kocha wao nimuulize wana mastraika wangapi, na winga wao wa kulia anapiga krosi za namna gani.